Mbio za Peku na Suala la Raba

Ndugu zangu tuliosoma zamani, na nyinyi wanafunzi mliopo skuli hivi sasa,

Katika mkutano wetu uliopita lilitolewa pendekezo kwamba umoja wetu uwanunulie raba wanafunzi wote wanaokimbia, na kwamba asiyevaa raba asiingie mashindanoni. Sehemu ya kwanza naiunga mkono. Ya pili siwezi, na nimemwomba Mhariri nafasi nieleze, kwani jambo hili lina historia yake.

Sisi tuliosoma miaka ya 1990 tulikimbia peku Mnazi Mmoja, si kwa falsafa yoyote, bali jozi ya viatu ilikuwa moja, ya darasani, na mama akiikagua kila jioni. Wenzetu walitutangulia mbali. Mwaka 1954 Wakenya wawili, Lazaro Chepkwony na Nyandika Maiyoro, waliingia uwanja wa White City, London, bila ya viatu. Chepkwony alikimbia maili 6, akichomoka ghafla kisha akipunguza, hata akaumia mguu na kutoka kabla ya kumaliza. Maiyoro alikimbia maili 3 na kushika nafasi ya tatu, nyuma ya Waingereza wawili waliovunja rikodi ya dunia siku hiyo. Maiyoro ndiye anayetajwa sana. Mimi naomba Chepkwony naye akumbukwe, kwani peku haikumkinga na maumivu.

Kisha akaja Abebe Bikila, askari wa ulinzi wa Mfalme wa Ethiopia, nchi ambayo wazee wetu wakiiita Uhabeshi. Tarehe 10 Septemba 1960, huko Roma, viatu vilivyopatikana havikumkaa vizuri. Kwa kuwa alishazoea kufanya mazoezi peku, aliviacha. Akakimbia marathoni juu ya mawe na lami, akamaliza usiku penye Tao la Constantine kwa saa 2, dakika 15 na sekunde 16, muda bora kuliko wote duniani hadi siku ile. Hapo ndipo wasimuliaji wengi hukomea. Lakini mwaka 1964 Bikila alishinda tena, mjini Tokyo, wiki chache baada ya kupasuliwa kidole tumbo, kwa saa 2, dakika 12 na sekunde 11. Safari hii alivaa viatu na soksi! Mtu huyu hakuwa na ugomvi na viatu. Alikuwa na ugomvi na viatu visivyomkaa.

Raba nene zenye kisigino cha sponji zilienea tangu miaka ya 1970. Mimi nilizijua ukubwani, niliporudi kukimbia baada ya miaka mingi ya kukalia kiti cha ofisi. Katika miaka miwili niliumia muundi, kisha ukano wa kisigino, kisha goti, na kila nilipopona nilinunua jozi nene zaidi. Mwisho nikavua. Siku ya kwanza, kwa ujinga wangu, nilikimbia kutoka Forodhani hadi Malindi na kurudi, nikiruka vijiti vya mishikaki vya usiku uliopita. Wiki nzima nikateremka ngazi za ofisi kiupandeupande kama kaa.

Nikaenda kusoma. Mwaka 2010 Daniel Lieberman wa Chuo Kikuu cha Harvard na wenzake walionyesha kwamba wakimbiaji waliozoea peku, wakiwamo wa Bonde la Ufa la Kenya, mara nyingi hutua kwa mbele ya unyayo, na mshindo huwa mdogo. Watu wakaigeuza habari hiyo kuwa dawa ya kila maradhi. Mwaka 2013 wengine wakawapima Wadaasanach wa kaskazini ya Kenya, waliokulia peku, wakakuta wengi wao hutua kwa kisigino wakienda mwendo wao wa kawaida. Mwaka huohuo, Marekani, wakimbiaji walihamishiwa viatu vyembamba kwa wiki 10, na zaidi ya nusu yao wakaonekana na uvimbe ndani ya mifupa ya miguu. Yaani yaleyale yangu ya Malindi.

Basi nikaanza upya kama mtoto: dakika tano juu ya mchanga ulioshikana wa Shangani, nikiongeza kidogokidogo. Ilinichukua miezi minane kufika nusu saa. Goti limetulia, ukano bado hunikumbusha umri wangu.

Kijana wetu anayekimbia peku tangu utotoni anayo tayari miguu niliyoitafuta kwa miezi minane. Kumzuia mstarini kwa kukosa raba ni dhulma, na kumvalisha raba nene wiki moja kabla ya mashindano ni kumtafutia jeraha. Tununue, lakini kwanza kila mguu upimwe. Viwe viatu vyepesi, vya soli nyembamba, na anayetaka kukimbia peku aachwe, mradi amechomwa sindano ya pepopunda na kiwanja kimeokotwa vigae vya chupa. Kazi ya kuokota tunaiweza sisi wazee.

Anayetaka kujaribu atanikuta Shangani, Jumamosi ambayo maji yamekupwa, baada ya sala ya alfajiri. Dakika tano tu kwa siku ya kwanza.