Kompyuta Ilivyofundishwa Kuuchora Moyo

Mwaka 1976 jarida la Circulation la Marekani lilichapisha utafiti mdogo uliowakosesha raha madaktari wengi wa moyo. Wataalamu wanne wa Boston, wawili wa radiolojia na wawili wa moyo, wote wazoefu, walipewa filamu 20 za mishipa inayolisha moyo wazisome. Filamu zilikuwa zilezile na swali lilikuwa lilelile: mshipa umebanwa kiasi cha kutia wasiwasi, au la? Kwa mshipa mkubwa unaoteremka upande wa mbele wa moyo, ambao kuziba kwake ndiko kunakoogopwa kuliko kote, wote wanne walikubaliana kwa asilimia 65 tu. Kwa wagonjwa waliobaki, kupelekwa chumba cha upasuaji au kurudishwa nyumbani na vidonge kungeweza kutegemea nani alikuwa zamu siku hiyo.

Habari za kompyuta kusoma picha za moyo husimuliwa siku hizi kana kwamba mashine imekuja kuona kile ambacho binadamu hakioni. Historia yake haisemi hivyo. Madaktari waliona vizuri tu. Kilichowashinda ni kuchora mstari mmoja pale ukuta wa moyo unapokoma na damu inapoanzia, kisha kesho wauchore tena palepale, na mwenzao wa chumba cha pili naye auchore palepale. Kwa takriban miaka sitini kompyuta imekuwa ikifundishwa kazi hiyo ya mstari, na hesabu nyingine zote zinafuata baada yake.

Mwanzoni rula ilitosha. Wilhelm Röntgen aligundua eksirei mjini Würzburg, Ujerumani, mwaka 1895, na haukupita muda mrefu kabla kivuli cha moyo hakijaanza kupimwa kwenye picha za kifua. Mwaka 1919 daktari Mmarekani, Danzer, alipendekeza kipimo ambacho mpaka leo kila mwanafunzi wa udaktari hukariri: pima upana wa moyo, pima upana wa kifua kwa ndani, gawanya. Jibu likizidi nusu, moyo wa mtu mzima huhesabiwa kuwa umetanuka. Ni kipimo cha kienyeji kidogo, lakini kina sifa moja kubwa: hakihitaji kipaji, kinahitaji kujua ukingo uko wapi.

Ndiyo maana kompyuta ilianzia hapo. Mwaka 1964 watafiti wa Chuo Kikuu cha Tulane, New Orleans, waliigeuza filamu ya kifua kuwa tarakimu na kuiachia kompyuta itafute uwiano ule wa Danzer bila mtu kushika rula. Mashine ilipita juu ya picha mstari kwa mstari, ikitafuta mahali weusi wa pafu lenye hewa unapobadilika ghafla kuwa weupe wa moyo. Kwa kompyuta za enzi zile, zilizojaza chumba kizima na kuwa na kumbukumbu ndogo kuliko ya simu ya kitochi, hiyo ilikuwa kazi kubwa. Katika miaka hiyohiyo, maabara ya JPL ya Marekani, iliyokuwa ikisafisha picha zilizotumwa na vyombo vya angani, ilianza kujaribu programu zake kwenye picha za eksirei za mishipa ya damu. Picha ya Mwezi iliyojaa chengachenga na picha ya mshipa yenye ukungu zilikuwa na maradhi yanayofanana.

Tatizo ni kwamba moyo haukai kimya upigwe picha. Hapo inabidi turudi nyuma kidogo hadi Lund, Sweden.

Daktari Inge Edler alikuwa akichunguza wagonjwa kabla ya upasuaji wa vali ya mitro, ile iliyo kati ya vyumba viwili vya kushoto vya moyo. Alitaka kujua kabla ya kisu: vali imebana au inavuja? Akamuuliza mwanafizikia kijana, Hellmuth Hertz, kama rada ingefaa. Hertz alijua kuwa mawimbi ya rada hayafai kazi hiyo, lakini alijua pia kuwa mafundi wa meli hutumia mawimbi ya sauti isiyosikika na sikio kutafuta nyufa ndani ya chuma. Akaenda bandarini Malmö, kwenye karakana ya meli ya Kockums, akaazima kifaa chao kwa siku za mwishoni mwa wiki, akajiwekea kifuani mwake mwenyewe. Mwangwi ulirudi, na ulikuwa ukicheza kwa mapigo ya moyo. Baba yake, Gustav Hertz, aliyepata Tuzo ya Nobeli ya fizikia ya mwaka 1925, aliwahi kuongoza maabara ya utafiti ya Siemens, na kwa kujuana huko kampuni ikawaazima kifaa bora zaidi. Tarehe 29 Oktoba 1953 Edler na Hertz walirekodi eko ya kwanza ya moyo.

Haikuwa picha kama tunavyoijua. Ilikuwa ni mistari inayopanda na kushuka kwenye filamu, alama ya kuta na vali zikisogea mbele ya mwale mmoja wa sauti. Ilibidi kungoja hadi 1971, pale Nicolaas Bom wa Rotterdam alipopanga vitoa sauti vidogo 20 katika safu moja, ndipo moyo ukaonekana kwenye skrini ukidunda kama kitu chenye umbo. Lakini mistari ile ya Lund ilikuwa na faida ambayo picha nyingi nzuri zaidi hazikuwa nayo: ungeweza kuiwekea rula na kusoma milimita.

Wakati huohuo hesabu ya moyo ilikuwa ikipata msingi wake kwingine. Mwaka 1960 Harold Dodge na wenzake walichapisha njia ya kukadiria ujazo wa chumba cha chini cha kushoto kwa kutumia picha mbili za eksirei zilizopigwa kwa pembe mraba, dawa ya kung'arisha damu ikiwa imeingizwa ndani. Walikichukulia chumba hicho kuwa na umbo la yai refu. Ukichora ukingo wake kwa mkono na kupima urefu wake, kanuni inakupa ujazo. Fanya hivyo moyo ukiwa umejaa, rudia ukiwa umejibana, na tofauti yake inakuambia ni asilimia ngapi ya damu imesukumwa nje. Asilimia hiyo ndiyo EF inayoandikwa kwenye majibu ya kila eko leo, iwe Cleveland au Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Dar es Salaam. Ikiwa sitini, mgonjwa anapumua. Ikiwa thelathini, mazungumzo yanabadilika. Ni namba yenye mamlaka makubwa mno ukikumbuka kuwa chini yake kuna yai la kufikirika na mkono wa mtu uliochora ukingo.

Kilichowalazimisha madaktari wauache mkono huo ni biashara ya mishipa. Tarehe 16 Septemba 1977, mjini Zürich, Andreas Grüntzig alipitisha puto dogo ndani ya mshipa wa moyo wa mgonjwa aliye macho na kuutanua palipobana. Baada ya hapo swali halikuwa tena kama mshipa umebana, bali umebana milimita ngapi, umefunguka ngapi, na baada ya miezi sita umejirudi kiasi gani. Anayekadiria kwa jicho hawezi kujibu hilo. Rotterdam, katika kituo kilekile cha Thoraxcenter alikokuwa Bom, Johan Reiber na Patrick Serruys walijenga mfumo wa kompyuta uliofuata kingo mbili za mshipa kwenye filamu na kutoa kipenyo chake kila mahali. Na rula yao? Katheta yenyewe. Mpira ule mwembamba uliopenyezwa hadi kwenye moyo una unene unaojulikana tangu kiwandani, nao unaonekana kwenye picha hiyohiyo. Kompyuta ikijua katheta ina milimita ngapi, inajua kila kitu kilicho karibu nayo. Kwa maoni yangu hakuna wazo maridadi kuliko hilo katika historia hii yote.

Sitiskani ilikuja na jambo jingine kabisa. Allan Cormack, mzaliwa wa Johannesburg, alianza kulifikiria tatizo lake mwaka 1956 alipofanya kazi kwa muda katika hospitali ya Groote Schuur, Cape Town. Godfrey Hounsfield wa kampuni ya EMI aliunda mashine yenyewe Uingereza, na mgonjwa wa kwanza alipigwa picha ya ubongo London mwaka 1971. Wote wawili walipewa Nobeli ya 1979. Kwenye eksirei ya kawaida filamu huja kwanza, hesabu baadaye. Kwenye sitiskani picha yenyewe ni matokeo ya hesabu: bila kompyuta hakuna cha kutazama. Kila nukta ina namba inayoeleza mwili ulivyo mzito mahali hapo, na namba hiyo ina kizio chenye jina la Hounsfield.

Mwaka 1990, mjini Miami, Arthur Agatston na Warren Janowitz wakaitumia fursa hiyo kwa urahisi unaoshangaza. Chokaa inayojikusanya kwenye kuta za mishipa ya moyo iliyochakaa ni nzito. Basi kila nukta iliyofika 130 kwa kizio cha Hounsfield ihesabiwe kuwa chokaa. Pima eneo lake, zidisha kwa moja hadi nne kulingana na uzito wake, jumlisha. Sifuri ni habari njema. Zaidi ya 400 ni onyo zito. Kwa nini 130 na si 120? Watu wawili walikaa wakaamua, dunia ikafuata, na kwa kuwa wote wanatumia mpaka uleule, namba za Miami na za Muscat zinaweza kuwekwa meza moja. Agatston mwenyewe alikuja kujulikana zaidi na watu wa kawaida kwa kitabu cha mlo wa kupunguza uzito.

Lakini chokaa hung'aa. Ukuta wa moyo haung'ai. Kwenye eko na hata kwenye MRI unayeyuka taratibu ndani ya kijivu, na vijinyuzi vya misuli vinautia mashaka zaidi. Mwishoni mwa miaka ya 1980 watafiti wa kompyuta walibuni mistari inayojivuta yenyewe kuelekea ukingo na kukataa kupinda kupita kiasi, wakaiita nyoka. Manchester, Tim Cootes na Chris Taylor walikwenda mbele zaidi: waliionyesha kompyuta mifano mingi iliyochorwa na wataalamu, ikiwamo ya mioyo kwenye eko, ili ijue umbo lipi linawezekana na lipi haliwezekani. Los Angeles, katika hospitali ya Cedars-Sinai, Guido Germano na wenzake walichapisha mwaka 1995 programu iliyotoa EF kutoka picha za dawa za mionzi bila mtu kugusa chochote. Hiyo iliingia hospitalini kimyakimya na ikakaa, miaka ishirini kabla ya kelele za akili mnemba.

Kelele zenyewe zilianza mwaka 2015. Freiburg, Ujerumani, walitoa mtandao wa neva uitwao U-Net, uliobuniwa mahsusi kwa kugawa picha za kitabibu sehemu kwa sehemu. Desemba mwaka huohuo yakatangazwa mashindano Marekani: picha za MRI za watu zaidi ya 1,000, zawadi za dola 200,000, na kazi moja, kukadiria ujazo wa moyo ukijaa na ukijibana. Walioshinda, Machi 2016, walikuwa wachambuzi wawili wa masoko ya fedha wasio na mafunzo ya udaktari. Lakini tazama walishindania nini: kukaribia kadiri iwezekanavyo vipimo vilivyotolewa na wataalamu. Jibu sahihi lilikuwa lile la binadamu. Kompyuta ilikuwa ikijifunza kukubaliana na walewale ambao mwaka 1976 hawakukubaliana wao kwa wao.

Kwa hiyo majaribio yaliyonivutia zaidi ni yale yanayouliza nani anasahihishwa mara chache. Watafiti wa Stanford walichapisha mwaka 2020 mfumo uliofundishwa na kujaribiwa kwa video 10,030 za eko. Kwenye video za Stanford ambazo ulikuwa haujaziona, ulikosea EF kwa wastani wa pointi 4 hivi za asilimia. Ulipopelekwa Cedars-Sinai, kosa likapanda hadi 6. Mwaka 2023 wakaenda mbali zaidi. Eko 3,495 zilipimwa kwanza ama na mtaalamu wa eko ama na mashine, kisha zikapelekwa kwa madaktari wa moyo bila kuambiwa kazi ni ya nani. Madaktari walibadilisha kwa kiasi kikubwa vipimo vya binadamu katika asilimia 27.2 ya kesi, na vya mashine katika asilimia 16.8. Walipoulizwa wabahatishe nani alipima, hawakuweza kutofautisha vizuri.

Ile tofauti ya pointi 4 na 6, kati ya hospitali mbili za jimbo moja la California, ndiyo ya kuitazama kwa makini kutoka Afrika Mashariki. Huku kwetu mgonjwa wa moyo mara nyingi ni mtoto, na maradhi ni ya vali, yaliyoachwa na homa ya baridi yabisi. Kaskazini mwa Uganda watafiti wa Taasisi ya Moyo ya Uganda na wenzao walipima kwa eko watoto 102,200 wa miaka 5 hadi 17. Kati ya waliokutwa na dalili za awali, 818 waligawanywa kwa kura katika makundi mawili, moja likapewa sindano ya penisilini kila wiki nne. Baada ya miaka miwili ugonjwa ulikuwa umesonga mbele kwa asilimia 0.8 ya waliochomwa sindano, na asilimia 8.2 ya wasiochomwa.

Dawa hiyo si ghali. Kinachokosekana ni mtu wa kusoma eko shuleni. Watafiti wa hospitali ya Children's National ya Washington pamoja na wenzao wa Kampala wamekuwa wakiifundisha kompyuta kwa eko za watoto wa Uganda wenyewe, ili ipime mkondo wa damu unaovuja kurudi nyuma kupitia vali ya mitro. Mpaka wa kupima upo tayari, kwenye mwongozo wa Shirikisho la Moyo Duniani wa 2023: sentimita 1.5 kwa mtoto wa chini ya kilo 30, sentimita 2 kwa aliyefika kilo hizo. Aliye chini ya hapo anarudi darasani. Aliyefika anapelekwa kupimwa upya na daktari, na ikithibitika anaanza sindano.