Mkanda wa Video Upimwe kwa Sikio

Mwaka 1975 kampuni ya Sony ya Japani ilitoa Betamax. Mwaka uliofuata JVC ikatoa VHS. Wengi walisifu picha ya Betamax. Lakini mkanda wake wa kwanza ulichukua saa moja tu, wa VHS saa mbili, yaani sinema nzima. VHS ikashinda.

Katika ubishi huo sauti ilisahauliwa, nasi watu wa redio hatuwezi kunyamaza. VHS ya mfumo wa PAL, uliotumika kwetu, ilitembea sentimita 2.34 kwa sekunde. Kaseti ya muziki hutembea 4.76. Sauti ya sinema iliandikwa kwenye ukingo mwembamba wa mkanda, kwa nusu ya mwendo wa kaseti! Ndiyo maana herufi "s" ilififia na mvumo haukuisha. Hi-Fi ya miaka ya 1980 iliponya hilo, kwa mwenye uwezo.

Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni hadi 1994. Kabla ya hapo tulitazama mikanda, mingi ikiwa nakala ya nakala. Rangi ikichujuka, jicho husamehe. Maneno yakizama, jirani anaanza kukuuliza, "Kasemaje?"