Gare ya Likasi, 1992: mbona hatuitaji?

Kila tarehe 2 mwezi wa nane, Kongo inakumbuka wafu wake. Siku hiyo, Genocost, iliwekwa na sheria ya mwaka 2022. Tunataka dunia ikubali kwamba watu wetu waliuawa. Na tuna haki ya kukasirika: mwaka 2010, ripoti ya Mapping ya Umoja wa Mataifa ilipotoka, Rwanda iliikataa, hata ikatishia kuondoa askari wake wa kulinda amani huko Sudan.

Lakini hapa Likasi, siku hiyo, nani anataja gare?

Ndugu wasikilizaji, tukumbushane. Mwezi wa nane 1992, Conférence Nationale ilimchagua Étienne Tshisekedi, mtu wa Kasai, kuwa waziri mkuu pahali pa Nguz Karl-i-Bond, mwana wa Katanga. Gavana wetu alikuwa Kyungu wa Kumwanza. Vijana wa chama chao, UFERI, wakaanza kufukuza Wakasai nyumba kwa nyumba. Waliwaita "bilulu". Makumi ya maelfu wakakimbilia gare na mashule, wakangojea treni kwa miezi, mvua ikawakuta palepale. Watoto wakafa kwa magonjwa na njaa. Wengine walifia njiani, ndani ya wagoni. Na ni reli hiyohiyo iliyowaleta babu zao, wakati Union Minière ilipotafuta wafanyakazi.

Nilimuuliza mzee mmoja wa Kikula. Akanijibu: "Walirudi kwao, mwanangu."

Walirudi! Mtoto aliyezaliwa Panda, ambaye hajawahi kuona Kasai hata siku moja, alirudi wapi? Hata Kifaransa kinawaita "refoulés", kama watu waliozuiwa mpakani.

Neno hilo limedumu kwa sababu linasaidia watu. Kuna aliyeingia nyumba ya mwenzake na kukuta sufuria bado iko juu ya mbabula. Kuna aliyepata kazi Gécamines. Mobutu naye alipata faida: wapinzani wake waligawanyika. Ni kweli, Wakatanga walikuwa na malalamiko ya zamani juu ya kazi na vyeo, na si yote yalikuwa ya uongo. Lakini mtoto wa gare hakumnyima mtu cheo.

Hakuna mahakama iliyosema yale yalikuwa génocide, nami sitalazimisha neno hilo. Tena ripoti ya Mapping inaanza kuhesabu mwezi wa tatu 1993. Miezi ya kwanza ya gare yetu ilikuwa imekwisha kupita. Serikali yetu inaitaja ripoti hiyo pale inapowashtaki majirani. Kurasa za Wakasai wa Shaba hazisomwi sana.

Mzee alinyamaza kidogo, akaonyesha mwembe wa uani. "Ule sikuupanda mimi."

Familia zilizobaki, na zile zilizorudi Likasi baadaye: kama mna majina ya wenu waliofia gare au ndani ya treni, tuleteeni. Tunataka kuyasoma hewani tarehe 2.