Nambari Tasa Iliyozaa Matata

Fungua kikokotoo kwenye simu yako. Andika 2, izidishe kwa 2 mara 30, kisha utoe 1. Utapata 2,147,483,647. Bilioni mbili na ushei. Ukiiona tu hivi, haina maajabu. Lakini nambari hii ina historia ndefu, na bado haijamalizana nasi.

Mwaka 1644, mtawa Mfaransa Marin Mersenne alichapisha orodha ya nambari za aina hii alizodai ni tasa, yaani hazigawanyiki ila kwa 1 na kwa zenyewe. Hii yetu ilikuwemo. Uthibitisho je? Hakutoa. Na kwingine kwenye orodha hiyo kweli alikosea.

Miaka 128 ikapita. Mwaka 1772, huko St. Petersburg, Urusi, Leonhard Euler alimwandikia barua mmoja wa akina Bernoulli: amethibitisha, ni tasa. Wakati huo Euler alikuwa karibu kipofu kabisa, na mwaka mmoja kabla, nyumba yake ilikuwa imeungua.

Sasa, alifanyaje? Kwa kawaida ungejaribu kuigawanya kwa kila nambari tasa hadi 46,340, kwa sababu ukivuka hapo hakuna jipya. Hizo ni zaidi ya 4,700. Euler alionyesha kwamba kigawanyo chochote cha nambari hii, ukikigawanya kwa 248, lazima kibakishe 1 au 63. Nyingine zote tupa. Zikabaki nambari tasa 84 tu za kujaribu. Hakuna hata moja iliyoigawanya.

Kwa miongo kadhaa hakuna aliyejua nambari tasa kubwa kuliko hiyo. Mwaka 1811, Mwingereza Peter Barlow aliandika kuhusu nambari kamilifu inayotokana na hii kwamba pengine haitapatikana kubwa zaidi, kwa sababu nambari kamilifu ni za udadisi tu, hazina faida. Nani angejisumbua?

Maneno hayo tunayajua. Ukisema unasomea hisabati tupu, kuna mjomba atakayekuuliza, "Na hiyo itakupa kazi gani?"

Kisha kompyuta zikaja. Kompyuta huandika kwa 0 na 1, na nambari yetu ni 1 thelathini na moja zikifuatana. Ukiwa na nafasi 32, moja ikiwa ya kuonyesha chanya au hasi, hapo ndipo mwisho wa kuhesabu. Mwaka 2014, YouTube ililazimika kupanua kihesabio chake kwa sababu wimbo wa Psy, "Gangnam Style", ulikuwa unaupita mpaka huo.

Mifumo mingi ya kompyuta huhesabu wakati kwa sekunde tangu mwanzo wa 1970. Jumanne, tarehe 19 Januari 2038, saa kumi na mbili na dakika 14 na sekunde 7 asubuhi, saa za Nairobi, hesabu hiyo itafika 2,147,483,647. Sekunde inayofuata, mashine ambayo bado ina nafasi 32 itadhani ni tarehe 13 Desemba 1901, mwezi ule reli kutoka Mombasa ilipofika Kisumu.

Simu mpya nyingi zina nafasi 64, kwa hivyo ziko salama. Wasiwasi uko kwa vifaa vya zamani, vilivyofungwa mahali na kusahaulika.

Barlow aliona ni mambo ya udadisi tu, yasiyo na faida. Leo kuna wahandisi wanaolipwa kuhakikisha haituharibii asubuhi.