Toka Ndjili mpaka Gombe: barabara ndefu, historia ndefu

Sisi wenye kutoka Goma ao Lubumbashi, tukishuka Kinshasa tunauliza shofa wa taksi: juu ya nini hoteli iko mbali hivi? Jibu liko ndani ya historia.

Zamani ndege zilishukia Ndolo, ndani ya mji. Zikakuwa kubwa, zikahitaji njia ndefu ya kushukia. Ndiyo Wabelgiji wakafungua Ndjili mwaka 1959, zaidi ya kilometa 20 toka Gombe.

Tarehe 29/6/1960 mfalme Baudouin alifika, akaingia mjini ndani ya gari wazi. Njiani Ambroise Boimbo akamnyang'anya upanga. Kesho yake tukapata uhuru.

Leo barabara ile inaitwa Lumumba, na jino lake, lenye Ubelgiji ilirudisha, lilizikwa ku Limete mwaka 2022. Masina na Kingasani zimejaa kandokando. Wafanyakazi, wanafunzi, mboga za bonde la Ndjili, wote wanapita mule mule na mgeni wa hoteli.

Basi ambutiyaji si bahati mbaya. Barabara ilipimwa kwa kufuata ndege, mji ukakuja nyuma. Sisi wenye tutapanga miji ya kesho, tuanze na kuhesabu watu.