Aliyeunda Ndiye Ajuaye: Tarehe ya Ndege za Kujiundia

Serikali ya Marekani hutoa hati moja ndogo ambayo kila nikiifikiri huiona ya ajabu: humpa mtu ambaye hakusomea ufundi wa eropleni katika chuo chochote, na ambaye pengine kazi yake ya kila siku ni ualimu, useremala au udaktari wa meno, haki ya kuikagua ndege na kutia sahihi daftarini kwamba ndege hiyo ni salama kuruka. Haki hiyo ina mipaka miwili. Ni ya ndege moja tu, iliyotajwa kwa namba yake, na hupewa yule tu aliyeiunda. Ndege ikiuzwa, hati haifuatani nayo; aliyenunua ana ruhusa ya kufungua na kufunga, kubadili na kutengeneza apendavyo, lakini kila baada ya miezi 12 itamlazimu kumwendea fundi mwenye leseni kamili, au kumrudia muundaji mwenyewe, ili ukaguzi wa mwaka uthibitishwe.

Kwa msomaji wa pwani wazo hili si geni. Mtepe wa Lamu, chombo kilichoshonwa kwa kamba za makumbi bila ya msumari, haukuwa na ramani ya karatasi. Ramani ilikaa kichwani mwa fundi, na maji yalipoanza kuingia baina ya mbao aliitwa yeye aliyeshona kabla ya kuitwa mwingine. Lakini angani wazo hilohilo lilichukua miaka mingi kukubaliwa, na kabla ya kukubaliwa liligharimu roho za watu.

Chanzo chake hakikuwa Marekani. Alberto Santos-Dumont, mwenyeji wa Brazil aliyeishi Paris, aliunda baina ya 1907 na 1909 ndege ndogo aliyoiita Demoiselle, yenye kiunzi cha mianzi na mabawa ya hariri, na rubani wake akiketi chini ya bawa baina ya magurudumu. Naye, alipoona imeruka vyema, hakutaka hataza wala malipo, aliwaachia walimwengu michoro yake. Mwaka 1910 gazeti la Popular Mechanics la Marekani liliichapa michoro hiyo, na mtu aliyekuwa maelfu ya maili kutoka Paris akaweza, akiwa na saburi na mianzi, kuanza kazi ghalani mwake. Ukarimu huo naupa taadhima kubwa, maana ni wakati uleule ambapo wavumbuzi wengine wa ndege walikuwa mahakamani wakishtakiana juu ya haki za uvumbuzi wao. Hata hivyo mchoro humwonyesha mtu namna ya kuunganisha. Namna ya kutambua kiungo kilichoanza kulegea ni elimu nyingine, na elimu hiyo kila mtu ilimbidi aitafute peke yake.

Katika Chicago, Ed Heath aliligeuza wazo hilo kuwa biashara katika miaka ya 1920: aliuza ndege yake, Parasol, kwa vipande, na mnunuzi asiye na fedha za kutosha aliweza kuchukua fungu moja leo na fungu jingine atakapojaliwa. Heath alifariki mwaka 1931 katika ndege mpya aliyokuwa akiijaribu, na jina la kampuni yake likaja kujulikana zaidi kwa vifaa vya redio vya kujiundia.

Aliye karibu zaidi na moyo wangu katika tarehe hii ni Bernard Pietenpol wa Cherry Grove, kijiji kidogo mno katika jimbo la Minnesota, fundi aliyejifundisha mwenyewe, ambaye swali lililomshughulisha lilikuwa moja: mkulima aruke kwa injini gani? Injini za ndege zilikuwa ghali, na zilipoharibika vipuri vyake vilitoka mbali. Ilhali motokaa za Ford zilikuwa zimeenea kila pembe ya nchi, na vipuri vyake pamoja nazo. Baada ya kujaribu injini za namna nyingine, Pietenpol mwaka 1929 alichukua injini ya Ford Model A, yenye nguvu za farasi takriban 40, akaifunga katika ndege ya mbao za msprusi iliyovikwa kitambaa, na rejeta yake ikasimama wima mbele ya macho ya rubani. Mhariri wa gazeti moja la ufundi hakuamini kwamba injini ya motokaa yafaa kurushia ndege. Mwaka 1930 ndege mbili za Pietenpol ziliruka mpaka Minneapolis ili ajionee, na gazeti lilelile likaja kuichapa michoro ya ndege hiyo, Air Camper, ambayo wapo wanaoiunda hadi leo.

Kwa maoni yangu uamuzi ule wa kuchagua Ford ulihusu matengenezo kabla ya kuhusu kuruka. Injini ile ilikuwa nzito kwa nguvu iliyotoa, na fundi wa viwanja vikubwa angeidharau, lakini kijana aliyekulia shambani aliijua sauti yake, na ilipobadilika aliijua na sababu yake. Mbao nazo zilikuwa na dawa yake: ubao wa bawa ukivunjika haukutupwa, ulikatwa mshazari na kuunganishwa kwa gundi na ubao mwingine uliokatwa vivyo hivyo, urefu wa mshazari ukiwa mara 10 hadi 12 ya unene wa ubao, mpaka kiungo kikabeba mzigo karibu sawa na ubao mzima. Huo ni mkato ambao seremala wa majahazi angeutambua mara moja.

Wakati huo Ufaransa ilikuwa na Henri Mignet, na hapa kalamu yangu inakuwa nzito. Mignet aliamini kwa dhati kwamba urubani ungalikuwa rahisi kwa kila mtu lau usukani wenyewe usingalifanywa mgumu. Basi tarehe 10 Septemba 1933 akairusha ndege yake HM.14, aliyoiita Pou-du-Ciel, yaani Chawa wa Angani, yenye mabawa mawili yaliyofuatana, lile la mbele likiinuliwa na kuinamishwa kwa mkono wa rubani. Kitabu chake cha 1934 kilieleza jinsi ya kuiunda kwa mapenzi yaliyowaambukiza wasomaji. Agosti 1935 akavuka kwa chombo hicho bahari iliyo baina ya Ufaransa na Uingereza, na mamia ya watu katika nchi hizo mbili wakawa wanakata mbao majumbani mwao. Ndipo vifo vilipoanza. Ndege ilielekeza pua chini na haikuinuka tena, hata rubani avute vipi. Mtu angeweza kukagua nyaya zote, akakaza kila bolti, akapima kila kiungo asione ila, kwa kuwa ila ilikuwa katika mchoro wenyewe. Ndege hizo zilipopimwa katika mahandaki ya upepo ya Farnborough na Chalais-Meudon ilibainika kwamba mabawa yale yalikaribiana mno, na pua ikishainama kupita kiasi fulani, kuvuta usukani kuliliongezea nguvu bawa la nyuma, na pua ikazidi kuinama. Mwaka 1936 Uingereza ilizizuia. Mignet alisahihisha mchoro wake, akaendelea kubuni ndege karibu maisha yake yote; lakini waliokufa walikuwa wamefuata maelekezo kwa uaminifu, nami siwezi kuisoma sehemu hiyo ya habari bila ya simanzi.

Katika Marekani nako milango ilifungwa katika miaka ya 1930, majimbo mengi yakikataa ndege isiyokuwa na cheti cha serikali, na Oregon ikabaki takriban peke yake kuwavumilia waundaji. Kutoka huko alitokea George Bogardus, ambaye mwaka 1947 alivuka bara zima mpaka Washington kwa ndege ndogo ya kujiundia iitwayo Little Gee Bee, akaifanya ndege yenyewe iwe hoja yake mbele ya maofisa. Na hakwenda mara moja tu. Mwaka 1952 idhini ikatoka: ndege aliyoiunda mtu kwa ajili ya elimu na burudani yake itapata cheti, mradi iandikwe waziwazi kuwa ni ya majaribio, na sehemu kubwa ya kazi iwe ni ya mkono wake, jambo ambalo watu wa fani hii hulieleza kwa asilimia 51. Tarehe 26 Januari 1953 Paul Poberezny aliwakusanya katika Milwaukee watu thelathini na kitu, wakaanzisha Experimental Aircraft Association, na tangu 1970 mkutano mkuu wake wa kila mwaka hufanyika Oshkosh, Wisconsin.

Ukaguzi wa mwaka ni kazi ya macho, masikio na ncha za vidole. Ndege ya kitambaa hutazamwa jinsi jua lilivyokula nguo yake, na matundu madogo ya chini ya mabawa huzibuliwa, maana maji yakituama ndani mbao huoza kimyakimya. Ndege ya bati la aluminiamu husomwa kwa ribiti zake: ribiti iliyolegea husagika tunduni mwake na kuacha mstari wa weusi kama masizi, nao hufuata mkondo wa hewa kuelekea nyuma, hata mkaguzi huona ugonjwa kabla ya kugusa kitu. Burt Rutan, aliyeirusha VariEze mwaka 1975 na kuifuatisha Long-EZ mwaka 1979, alileta namna ya tatu, ya povu gumu lililochongwa likavikwa faibaglasi na gundi ya epoksi. Na hiyo huulizwa kwa sarafu, mkaguzi akigonga polepole bawa zima huku ametega sikio, kwani palipoachana tabaka sauti hufifia na kuwa ya kitu kilichokufa. Kisha injini: kila silinda hupimwa kama inashika mgandamizo wake, na chujio la oili hukatwa na kukunjuliwa ili kutafuta chembe za chuma.

Lakini aliyeunda ana jambo moja asilolikagua, kwa sababu limekwisha kuwa mazoea yake. Tarehe 12 Oktoba 1997 mwimbaji John Denver aliruka kutoka Monterey, California, katika Long-EZ ambayo hakuiunda bali aliinunua siku chache kabla. Michoro ya Rutan iliiweka koki ya kuchagulia tangi la mafuta baina ya miguu ya rubani. Muundaji wa ndege hii aliihamisha, kwa kutaka mabomba ya mafuta yasipite ndani ya chumba cha rubani, akaiweka nyuma ya bega la kushoto. Nia yake ilikuwa ya hadhari. Koki ilikuwa ngumu kugeuka, haikuandikwa alama, na ili kuifikia ilimpasa rubani kugeuza mwili mzima. Wachunguzi waliona kwamba tangi moja lilimalizika, na rubani alipojipinda kuitafuta koki huenda mguu wake uliukandamiza usukani wa mkia, na ndege ikaanguka baharini. Tangu nilipoisoma habari hiyo sijaweza kuifikiri ile hati ndogo ya Marekani kwa namna ileile, kwa maana inatambua maarifa ambayo hayahamishwi kwa mauzo, lakini haina namna ya kumpa mnunuzi kile kilichobaki kichwani mwa muuzaji.

Leo aghalabu seti hutoka viwandani zikiwa na matundu yaliyotobolewa tayari, na mashuhuri kuliko zote ni za Richard VanGrunsven wa Oregon, aliyeirusha RV-3 yake mwaka 1971. Nazo hazikusalimika: katika miaka ya karibuni baadhi ya vipande vilikatwa kwa leza badala ya kupigwa kwa mashine, na mabati yalipobonyezwa kupokea vichwa vya ribiti, nyufa ndogo zikajitokeza kandokando ya matundu. Kampuni ilikubali kubadilisha vipande, na Desemba 2023 ikaomba hifadhi ya mahakama dhidi ya wadai wake, ikaja kuondoka humo mwaka uliofuata; na watu waliokwisha kupiga maelfu ya ribiti wakabaki karakanani wakiamua lipi la kufumua na lipi la kuacha.

Banda la Pietenpol lilihamishwa kutoka Minnesota, nalo sasa limesimama Oshkosh. Wakati wa mkutano, si mbali na hapo, wageni huketishwa mbele ya meza na kufundishwa kupiga ribiti, na pia kuitoa iliyopigwa vibaya: keekee huanzia katikati kabisa ya kichwa chake na kusimama kabla ya kufika kwenye bati, kichwa hung'olewa, mwili husukumwa nje taratibu, na tundu likibaki na kipimo chake huingia ribiti ya kadiri ileile, likiwa limepanuka hutafutwa iliyo kubwa kidogo.