Uvimbe wa Taya kwa Watoto: Historia ya Limfoma na Dawa Zake

 Wiki hii tunaongea juu ya limfoma. Hii ni saratani inayoanzia katika chembe nyeupe za damu, zile zinazotulinda dhidi ya maradhi, na mara nyingi huonekana kama uvimbe. Ziko aina nyingi, na watu wazima hupata pia. Leo nitashika ile inayowapata sana watoto wa Afrika Mashariki, inayoitwa limfoma ya Burkitt. Utasikia majina ya zamani na miaka ya zamani, lakini usizime redio. Historia hiyo ndiyo itakayokueleza kwa nini daktari anakataa kukuruhusu uende nyumbani na mtoto ambaye, kwa macho yako, amekwisha pona.

Tuanze Kampala, mwaka wa 1957. Katika hospitali ya Mulago kulikuwa na daktari wa upasuaji kutoka Ireland, Denis Burkitt, mtu wa jicho moja, kwa sababu lingine alilipoteza alipokuwa mvulana. Siku moja daktari mwenzake, Hugh Trowell, alimwita wodini amwone mtoto wa miaka 5 aliyevimba taya pande zote, juu na chini, kushoto na kulia. Meno yalikuwa yamelegea. Burkitt alishangaa. Jipu la jino halivimbi pande nne kwa pamoja. Wiki chache baadaye alikuwa katika hospitali ya Jinja, akachungulia dirishani, akamwona mama ameketi nje kwenye nyasi na mtoto wake, na uso wa mtoto ulikuwa kama ule wa Mulago. Alipompima huyu tumbo, akakuta uvimbe mwingine ndani.

Watoto hawa hawakuanza kuugua mwaka huo. Daktari Albert Cook wa hospitali ya Mengo alikuwa ameandika habari za watoto kama hao miaka mingi kabla, na bila shaka mama zao waliwajua kabla ya daktari yeyote. Kilichokosekana ni mtu wa kuunganisha taya la huyu na tumbo la yule, aseme ni ugonjwa mmoja. Burkitt aliandika maelezo yake mwaka wa 1958, na wataalamu wa maabara pale Mulago, akiwemo Gregory O'Conor, wakathibitisha kwamba ni limfoma.

Kisu hakikusaidia. Uvimbe huu ni miongoni mwa saratani zinazokua kwa kasi kuliko zote kwa binadamu. Chembe zake zinaweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili. Ukikata leo, baada ya muda mfupi umerudi. Watoto wengi walifariki katika miezi michache.

Burkitt akataka kujua ugonjwa unapatikana wapi. Alipewa pauni 25 tu, akachapisha karatasi zenye picha na maswali, akazituma kwa hospitali nyingi za serikali na za misheni. Kisha mwaka wa 1961 yeye na madaktari wenzake wawili, Ted Williams na Cliff Nelson, waliingia katika gari kuukuu wakasafiri kwa wiki 10, kutoka Kampala hadi kusini mwa Afrika na kurudi. Walikwenda karibu kilomita 16,000, wakapita katika hospitali zaidi ya 50. Kila walipofika swali lilikuwa hilo hilo: mmewahi kuona mtoto kama huyu wa pichani?

Majibu yalipowekwa kwenye ramani, yalionyesha kwamba ugonjwa ulikuwa mwingi penye joto na mvua, na nadra katika nyanda za juu, kuanzia kama mita 1,500 kwenda juu. Huo ndio mpaka wa mbu na malaria. Hata Zanzibar, penye joto na mvua tele, ugonjwa ulikuwa nadra wakati ule, na huko malaria ilikuwa imepigwa vita.

Hapo ndipo habari hii inapoingia Rhonda. Nakuru iko juu ya mpaka huo, mita 1,800 na zaidi kutoka usawa wa bahari, na kwa hiyo mtu anaweza kusema haituhusu. Lakini wewe unajua jirani zako ni akina nani. Wengi wetu hapa Rhonda, Kaptembwa na Mwariki tuna nyumbani kwingine, Siaya, Homa Bay, Busia, Kakamega, na shule zikifungwa watoto hupandishwa matatu kwenda kwa nyanya. Wengine walizaliwa huko wakaletwa mjini wakubwa. Mtoto hubeba historia ya mahali alipougua malaria mara nyingi, si ya mahali anaposoma. Kwa hiyo mhudumu wa zahanati akikuuliza mtoto amekaa wapi tangu azaliwe, mwambie yote. Na mtoto akienda likizo, chandarua kiwe ndani ya mfuko wake.

Basi ni malaria peke yake inayoleta saratani hii? La. Mwezi wa Machi mwaka wa 1961 Burkitt alitoa hotuba katika hospitali moja ya London, na kati ya wasikilizaji alikuwepo mtafiti Anthony Epstein, aliyeshuku kuna virusi. Wakakubaliana vipande vya uvimbe vitumwe London kwa ndege kutoka Kampala. Kwa miaka miwili na zaidi hakuona kitu. Mwishoni mwa mwaka wa 1963 ndege moja ilizuiwa na ukungu ikatua Manchester, na kipande kilipofika maabara kikiwa kimechelewa, maji yake yalikuwa na ukungu kama yaliyooza. Wengine wangeyamwaga. Epstein akayaangalia kwa darubini, akakuta chembe hai zinazoelea. Kutoka hapo yeye na wenzake, Yvonne Barr na Bert Achong, walifaulu kuzikuza chembe hizo, na mwaka wa 1964 wakatangaza wameona virusi ndani yake. Ni virusi vya kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu, na vinaitwa Epstein-Barr.

Sikiliza vizuri hapa, mama, kwa sababu kuna watu watakaokunyooshea kidole. Virusi hivi karibu kila mtu anavyo. Watoto wetu wengi huvipata kwa mate kabla hawajafika miaka 3, na karibu wote hawadhuriki kamwe. Malaria ya mara kwa mara huchosha kinga ya mwili, na kwa mtoto mmoja kati ya maelfu chembe moja huharibika ikaanza kuzaana ovyo. Hukumlisha kibaya. Hakuna aliyemtupia jicho. Saratani yenyewe haiambukizi, na ndugu zake wanaweza kulala naye kitanda kimoja.

Sasa tuje kwenye dawa. Uganda wakati ule haikuwa na mashine ya kutibu saratani kwa mionzi, na kisu kilishindwa, basi Burkitt akajaribu dawa zilizokuwa bado ngeni hata Ulaya na Marekani: methotreksati, saiklofosfamaidi na vinkristini. Nairobi, daktari Peter Clifford naye alikuwa akiwatibu watoto wa Kenya kwa dawa za namna hiyo katika miaka hiyo ya 1960. Hii ndiyo kemotherapi tunayoisikia leo. Vinkristini hutoka katika ua dogo la rangi ya waridi lenye asili ya Madagaska, ambalo watu hulipanda mbele ya nyumba kwa urembo. Tafadhali usilichemshe umpe mtoto. Kiwandani dawa hupimwa kwa kiasi kidogo mno. Kwenye sufuria ni sumu.

Yaliyoonekana yaliwashangaza madaktari. Uvimbe ulioziba jicho ulianza kunywea siku chache tu baada ya sindano. Uso ulirudi. Wazazi waliona mtoto wao waliyemzoea, wakamchukua wakaenda nyumbani. Na hapa pana mtego, kwa maana baadhi ya watoto hao, waliopata sindano moja au mbili tu, kweli walipona wakaishi. Wengine wengi uvimbe uliwarudia. Kwa kuwatazama hakuna aliyeweza kujua nani ni nani, na hata leo mimi na wewe hatuwezi.

Mwaka wa 1967 kilifunguliwa Mulago kituo maalumu cha kutibu limfoma, kwa ushirikiano na Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani, chini ya daktari John Ziegler. Ndicho kilichokua kikawa Taasisi ya Saratani ya Uganda, ambayo ipo hadi leo. Wafanyakazi wake walikuwa wakitoka kwenda vijijini kuwatafuta watoto waliotibiwa, waone nani yuko hai. Mwaka wa 1972 daktari Mganda, Charles Olweny, alikabidhiwa uongozi, na kazi ikaendelea katika miaka migumu ya Idi Amin, wakati hata dawa za kawaida zilikuwa shida. Mimi huona heshima kubwa ni ya hao waliobaki.

Walichojifunza ni kwamba saratani hii hujificha. Taya huwa limetulia, ilhali chembe chache zimebaki katika maji ya ubongo na uti wa mgongo, ambako dawa ya dripu haifiki vizuri. Ndiyo sababu leo mtoto hupewa dawa kwa awamu, na nyingine kwa sindano ya mgongoni. Akina mama wengi huiogopa sindano hiyo, wakiambiwa na jirani kwamba italemaza miguu. Kinacholemaza miguu ni uvimbe ukibana uti wa mgongo.

Katika nchi tajiri karibu watoto 9 kati ya 10 wenye ugonjwa huu hupona. Kwetu ni wachache kuliko hao, na sababu mbili zinajulikana: wanaletwa wamechelewa, au wanaacha dawa katikati. Sitakudanganya kwamba kuacha ni ujinga. Ni nauli, ni kibarua ulichopoteza, ni watoto wengine waliobaki na mlango umefungwa kwa kamba. Lakini kabla hujaacha, mwambie muuguzi waziwazi kwamba huna nauli ya kurudi, uulize ofisi ya ustawi wa jamii iko mlango gani. Hospitali ya Rufaa ya Kaunti hapa Nakuru, ile tunayoizoea kama PGH, hutibu saratani, na nyingine hutibiwa Eldoret katika hospitali ya Moi au Kenyatta Nairobi. Tangu Oktoba 2024 NHIF haipo tena; ni SHA, na familia iandikishwe mapema, wakati wote mko wazima.

Dalili ni hizi. Taya au shavu linalovimba haraka, meno yanayolegea kabla ya wakati wake, jicho linalotokeza, tumbo linalojaa na kuwa gumu, miguu inayokosa nguvu ghafla. Watu hukimbilia kung'oa jino. Likitolewa na uvimbe ukaendelea, usingoje wiki ya pili. Hospitalini watachukua kipande kidogo cha uvimbe wakapime, na kipimo hicho hakiuenezi ugonjwa, hata kama umesikia hivyo sokoni. Kwa watu wazima, tezi za shingo zisizouma mara nyingi hudhaniwa ni kifua kikuu. Zikiwa hazipungui kwa dawa za TB, omba kipimo hicho hicho. Anayeishi na virusi vya ukimwi yumo katika hatari zaidi ya limfoma, na kumeza ARV bila kuruka hupunguza hatari hiyo.

Dawa zenyewe zina uchungu wake. Nywele hutoka, na zitaota tena. Mdomo hutoka vidonda. Uji uliopoa na maji ya chumvi ya kusukutua husaidia. Mpe mtoto maji mengi kama alivyoelekeza daktari, kwa sababu uvimbe unaoyeyuka haraka hulemea figo. Choo kikiwa kigumu siku tatu, sema kiliniki.

Kubwa kuliko yote ni homa. Baada ya dawa, chembe za kinga hupungua sana, na maambukizi madogo yanaweza kumuua mtoto kwa usiku mmoja. Ikifika nyuzi 38, au akitetemeka ilhali huna kipimo, usimpe Panadol ukangoja kupambazuke. Gonga kwa jirani mwenye bodaboda hata kama ni saa nane za usiku. Ukifika hospitali, mwambie mtu wa kwanza utakayemkuta mlangoni, kabla hajakuuliza kadi, kwamba mtoto huyu yuko kwenye dawa za saratani na ana homa.